Vizimba Nilivyochanganya

Mdogo wangu wa mwisho alirudi kutoka masomoni China na vyeti viwili, chungu cha udongo chenye mdomo wa kumiminia, na tabia ya kumaliza kila ubishi kwa kusema kwamba Wachina walishalijua hilo zamani. Vyeti vilitundikwa chumbani kwa mama. Chungu kilikaa jikoni kwangu, kwa sababu mama anaishi kwangu. Ile tabia tuligawana wote, tukitaka tusitake.

Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na mimi nalitumia jina hilo zaidi ya wengine kwa sababu najua linamchoma. Kazini anaitwa Daktari. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni, nilimfuta makamasi, nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Na nina miaka ishirini na miwili katika nyumba ya panya ya taasisi ya utafiti wa dawa: nawalisha, nasafisha vizimba, nawanywesha dawa za majaribio kwa sindano butu, na siku ya mwisho nawashika ili wasiteseke. Aliporudi alipewa ofisi katika korido ileile, akawa mkubwa wangu. Siku yake ya kwanza, mbele ya watu wote, aliniita Mama Panya. Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaliweka moyoni, maana mimi si mtu wa kusahau.

Mama ana mshipa mbaya kwenye mguu wa kushoto. Hospitali walimwonyesha kwenye picha: mshipa wa damu umesinyaa nyuma ya goti, mafuta yameganda ndani yake, damu inapita kwa kubembelezwa. Walimpa vidonge vya aina mbili, kimoja cha kuzuia damu isigande na kingine cha kupunguza mafuta. Alivimeza miaka mitatu kila asubuhi bila kukosa, na mguu ulitulia. Hakuwa akikimbia, lakini alikuwa akienda gengeni na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, akigombana na wauza nyanya njia nzima.

Kisha akaja mwanawe na chungu chake. Alikaa miguuni pa mama akamweleza kwamba damu yake imelala, na damu iliyolala haisukumwi kwa vidonge, inaamshwa. Dawa yenyewe ilikuwa mizizi myekundu, magome na maua makavu, vinachemshwa kwa maji ya vikombe sita mpaka kibaki kikombe kimoja, cheusi, chenye harufu ya udongo uliolowa. Akamwambia aache vidonge vya hospitali ili visije vikapigana na dawa tumboni. Mama alimtazama kama anavyotazama vile vyeti ukutani, akavifunga vidonge kwenye kitambaa na kuvitia kabatini.

Nilimuuliza Kitinda nani amemwambia kwamba hiyo dawa inatosha peke yake. Akasema ana matokeo. Matokeo yenyewe nilikuwa nayajua, maana niliyalisha mimi. Walikuwa panya kumi weusi wadogo, wa ukoo ambao mishipa yao huziba haraka ukiwapa chakula cha mafuta. Watano walikaa kizimba kimoja wakinyweshwa dawa, watano kizimba cha pili wakinyweshwa maji. Wa dawa walitoka na mishipa safi. Wa maji walitoka na mishipa iliyojaa mafuta. Basi, mtu akarusha mikono yake miwili juu kwa furaha, akaja kumwachisha mama yangu vidonge.

Sasa naomba radhi, lakini mambo haya hayaelezeki bila kutaja mavi. Panya hula mavi yake, na hula ya mwenzake. Ndiyo maisha yao. Na mavi hayo yamejaa bakteria wa tumboni, kwa hiyo panya wakikaa kizimba kimoja, baada ya wiki chache matumbo yao yanakuwa tumbo moja. Mmoja wao akiwa na bakteria wazuri, wote watakuwa nao. Wakiwa wabaya, watagawana huohuo ubaya. Hili hakuna kitabu kilichonifundisha. Nimeliona kwa miaka ishirini na miwili, nikiokota vinyesi na kuona kizimba kizima kikiharisha kwa siku moja. Nilimwambia Kitinda kwa adabu zote, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa: huna panya kumi pale, una matumbo mawili, na huenda hilo moja lilikuwa zuri tangu mwanzo, kabla hata ya dawa.

Hakuinua macho kwenye kompyuta.

"Dada," akasema, "wewe kazi yako ni maranda ya vizimbani. Mambo ya mishipa niachie mimi."

Nilitoka mle ofisini masikio yakiniwaka moto. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema litavunjika guu la nani.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa: panya arobaini, wote majike, vizimba vinane, vinne vya dawa na vinne vya maji, wiki kumi na mbili. Likitoka vizuri, hospitali kuu ingefungua kliniki ya dawa hizo na yeye angekuwa mkuu wake. Alikuwa ameshamwambia mama. Mama alikuwa ameshawaambia majirani.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Sikulewa, wala sikupitiwa na shetani. Nilikaa nikafikiri, nikapanga. Niliona kwamba tofauti yake yote imesimama juu ya vizimba, si juu ya dawa. Nikichanganya vizimba, matumbo yatachanganyika, na tofauti itakufa. Atasimama mbele ya wakubwa na panya arobaini wanaofanana, wote wa hovyohovyo, na atarudi nyumbani mkia katikati ya miguu kumwambia mama arudie vidonge. Hicho ndicho nilichojiambia. Lakini nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa: nilitaka aaibike. Nilitaka yule aliyeniita Mama Panya aangushwe na panya.

Kila panya ana alama aliyokatwa sikioni, kwa hiyo sikuweza kuwapoteza. Madume ukiwachanganya wakiwa wakubwa wanauana, lakini majike hukubaliana. Wiki ya kwanza, asubuhi ya kusafisha, nilitoa panya kwenye vizimba viwili vya dawa na viwili vya maji, nikawachanganya, wa huku na wa kule wakalala pamoja. Nilikuwa nimebakiza vizimba vinne vingine, ndipo mkaguzi akaingia kuhesabu chupa za maji. Hivyo vinne nikaviacha kama vilivyokuwa, na sikuwa na ujasiri wa kurudia. Kila siku niliendelea kuwanywesha kwa haki. Mwenye alama ya dawa alipata dawa, mwenye alama ya maji alipata maji, hata tone sikukosea. Nilichobadilisha ni nani analala na nani.

Nyumbani mambo hayakungoja. Wiki ya tano kiatu kilimchubua mama kidole kidogo cha mguu ule wa kushoto. Kidonda cha kupona kwa siku tatu kikakaa wiki, kikatoa maji. Kitinda akaleta antibayotiki, vidonge vya rangi mbili, mara tatu kwa siku. Vilipokwisha akaleta vingine vilevile, na vilipokwisha hivyo akaleta vingine tena. Huku chungu kinachemka kila asubuhi. Nilimwambia amrudishe mama kwenye vidonge vya hospitali. Akasema tusubiri matokeo, zimebaki wiki chache. Na mimi, badala ya kumshika mama mkono nikampeleka kwa daktari wa mishipa, nilijibu kwamba sawa, tusubiri matokeo. Nilikuwa nayasubiri kuliko yeye.

Wiki ya kumi na mbili ikafika. Siku moja kabla, niliwarudisha panya wote kwenye vizimba vyao vya mwanzo, kama kadi zilizobandikwa vizimbani zilivyosema. Kesho yake tukawapasua. Kazi hiyo ina utaratibu wake: unatoa mshipa mkuu wa damu, unaupasua kwa urefu, unautandaza juu ya nta nyeusi kwa pini ndogo, kisha unaumwagia rangi nyekundu. Rangi hushika mafuta tu. Mshipa wenye afya hubaki mweupe, na ulioziba huwa mwekundu kila mahali mafuta yalipoganda. Mimi nilitandaza, yeye alihesabu.

Panya ishirini wa dawa walitoka na mishipa myeupe karibu wote. Akaanza kupiga mluzi. Tukaingia kwa wale wa maji. Kizimba cha kwanza, wekundu. Cha pili, wekundu. Cha tatu, weupe. Cha nne, weupe. Mluzi ukakatika. Alirudi nyuma akahesabu upya, akachukua hadubini, akahesabu tena. Panya kumi walioshindia maji matupu na chakula cha mafuta kwa wiki kumi na mbili walikuwa na mishipa safi sawasawa na waliokunywa dawa.

"Ulikuwa unawapa nini hawa?"

Nikasema nilikuwa nawapa maji, kama kadi inavyosema. Hakuniamini. Aliniambia mbele ya mafundi wawili kwamba nimechanganya chupa, kwamba nimezeeka, kwamba taasisi haiwezi kuendeshwa na watu wasiojua kusoma kadi. Alisema Jumatatu ataandika barua. Mimi nilikuwa natazama masikio. Wale kumi weupe walikuwa ni walewale niliowalaza na panya wa dawa. Hata mmoja hakukosekana.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilitegemea nikichanganya matumbo wote watakuwa wa hovyohovyo. Kumbe dawa ilikuwa imewalea bakteria fulani kwenye matumbo ya wale wa kwanza, na bakteria wakahamia kwa wenzao, njia ya mavi, na kuwasafisha mishipa bila wao kuonja hata tone la dawa. Chungu cha Kitinda kilikuwa kinafanya kazi. Hakikufanya kazi kwenye damu, kama alivyohubiri, bali tumboni. Nilikuwa nimechimba shimo la kumzika, nikafukua dhahabu yake. Yeye hakujua, na mimi niliapa sitamwambia. Acha aandike barua, nikasema, acha jaribio lake litupwe jalalani, mimi nitastaafu nikiwa nimenyamaza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na hiyo furaha siifichi. Nilimkuta mama kitandani saa kumi jioni, kitu asichokuwa na desturi nacho. Nikaleta beseni nimbadilishe bandeji. Kidole kidogo kilikuwa cheusi na cha pili yake kilikuwa kinakifuata, na wayo mzima ulikuwa wa baridi. Nilinyoosha mkono kuchukua vidonge vya rangi mbili mezani nimpe cha jioni, ndipo kwa mara ya kwanza nikasoma jina kwenye boksi.

Jina lile nalisoma kazini kila mara. Ni dawa ninayoikoroga kwenye maji ya panya pale watafiti wanapotaka panya wenye matumbo matupu, yasiyo na bakteria hata mmoja wa maana. Siku tano zinatosha. Mama alikuwa ameimeza wiki saba.

Nilikaa sakafuni na beseni lile mapajani. Dawa ya chungu haina maana bila bakteria, na bakteria wa mama, mwanawe alishawaua wote kwa mkono wake. Tangu hapo mama alikuwa anakunywa maji machungu. Na vidonge vya hospitali vilikuwa kabatini ndani ya kitambaa. Kwa hiyo mshipa ule haukuwa na mlinzi yeyote, wala wa Kichina wala wa hospitali.

Nilimwambia mama palepale twende hospitali. Akasema hatoki bila Kitinda. Nikamwambia basi ameze vile vya zamani. Akasema Kitinda amekataza, na mimi nisimwonee wivu ndugu yangu aliyesoma. Nikampigia Kitinda nikamwambia antibayotiki zinaua bakteria wa tumboni na dawa yake haifanyi kazi tena. Akanijibu kwamba dawa yake inaamsha damu, haina shughuli na tumbo, na kwamba ana kichwa kinamuuma kwa ajili ya uzembe wangu. Alisema atakuja kesho, Jumamosi, kama kawaida yake.

Usiku ule nilijua kwamba lipo neno moja tu litakalomgeuza, na ni lile nililoapa kulimeza.

Alifika asubuhi, akaweka funguo za gari mezani, akasalimia mama, mimi akanipita. Akaanza kufungua bandeji. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba sikuchanganya chupa, nilichanganya vizimba. Nikamtajia namba zake, wiki, na jinsi nilivyowarudisha siku moja kabla. Nikamwambia kwa nini nilifanya hivyo, pamoja na lile la kutaka aaibike, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikuona faida ya kubakiza kitu.

Aliinuka taratibu. Nilidhani atanipiga, na sidhani kama ningejikinga. Alisema nimemharibia maisha, kwamba tangu utotoni nilikuwa nikimwangalia kwa jicho baya, kwamba Jumatatu atanifukuzisha na kunipeleka polisi. Nami nilimjibu. Tulisemezana maneno ambayo ndugu wakishasemezana hayarudi tena mdomoni, na mama akiwa katikati yetu, mguu wake ukiwa wazi.

Kisha katikati ya sentensi akanyamaza. Nikaona macho yake yakihama kutoka kwangu kwenda mahali pengine.

"Vizimba gani ulisema? Cha tatu na cha nne?"

"Cha tatu na cha nne."

"Na hawakuonja dawa."

"Hata tone."

Akachukua boksi la bandeji, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuandika. Mkono wake ulikuwa unakimbia. Alikuwa anatabasamu, wallahi, alikuwa anatabasamu, ananiuliza walilala pamoja kuanzia siku ya ngapi, na kama nilihifadhi vinyesi. Nilimwacha aandike mistari mitatu minne. Halafu nikachukua lile boksi la antibayotiki mezani nikaliweka juu ya alichokuwa anaandika.

"Ni tumbo, Kitinda. Umeshaliandika mwenyewe. Sasa soma hili."

Akasoma. Hakuwa mjinga, na sijawahi kusema ni mjinga. Ilimchukua muda mfupi kuliko ulionichukua mimi. Kalamu ilimdondoka, akapiga magoti, akaushika wayo wa mama kwa mikono miwili, akaupapasa kutafuta mpigo wa damu juu ya kifundo, akatafuta na pembeni, akatafuta tena. Uso wake ulikuwa wa yule mtoto niliyembeba. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa ametusikiliza muda wote huo. Alimuuliza Kitinda kama ni kweli dawa haikuwa ikimsaidia. Kitinda akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama vidonge vya zamani vingemsaidia. Kitinda akaanza kulia, na hilo likawa jibu. Nilidhani sasa zamu yake imefika, mama atamwambia yale niliyomtaka amwambie tangu siku ya chungu. Lakini mama alinigeukia mimi.

"Huyu hakujua," alisema. "Wewe ulijua?"

Nikasema nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, na nilimwambia, akakataa kusikia.

"Sikuulizi ulimwambia nini yeye. Tunalala nyumba moja. Vidonge viko kabatini, ufunguo unao wewe. Wiki zote hizo ulikuwa unangoja nini, mwanangu? Ulikuwa unangoja panya?"

Nikachukua bandeji, nikaufunga upya mguu wake.

Tulimpeleka kwa gari la Kitinda, yeye akiendesha, mimi nyuma nimempakata mama mguu. Daktari wa mishipa, mwanamke mwenye umri wa binti yangu, aliutazama mguu akauliza mgonjwa ameacha vidonge tangu lini na kwa ushauri wa nani. Kitinda akasema ni ushauri wake. Mimi nikasema mgonjwa anaishi kwangu. Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaandika. Baada ya vipimo alirudi akasema vidole haviwezi kuokolewa na wayo pia hauwezi, na wakichelewa itakuwa goti. Ilibidi wakate chini ya goti mchana uleule.

Wakaleta fomu ya idhini. Mama akaweka sahihi yake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa ndugu wa karibu. Kitinda akachukua kalamu ili amalize haraka, na mama akamshika kifundo cha mkono.

"Wote wawili," akasema.

Muuguzi akaeleza kwa upole kwamba jina moja linatosha. Mama akasema kwake halitoshi, na kwamba hatoki kwenye kile kitanda mpaka aone majina yote mawili pale, ili siku atakapotafuta mguu wake ajue wa kuwauliza. Muuguzi akatazama dari. Nikasaini mimi kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa, herufi ndogo ndogo, nikamwachia nafasi. Kitinda akasaini kando yangu mpaka majina yetu yakagusana. Mama akaomba fomu aione, akaisogeza karibu na macho, akayasoma yote mawili kwa sauti, kisha akamwambia muuguzi kwamba sasa wanaweza kumpeleka.